Nyanya asema ndoa haina mchezo

Khalati,

Mimi ni msichana wa miaka 23, mzaliwa wa Makupa, na hapa Makupa ndipo twaishi hadi leo, mimi, mamangu na nyanya. Tangu mwaka jana naigiza katika tamthilia inayopigwa hapa Mombasa. Nilianza kwa kupita nyuma ya watu nimebeba kikapu. Sasa nimepewa mtu mwenye jina na maneno yake, nishapigwa sini nyingi, na dairekta hunisifu.

Juma lijalo ni sini ya harusi yangu. Skripti yasema nikae kando ya bwana harusi mbele ya kadhi, anayeigiza babangu atamke kuniozesha, kijana akubali, nami niulizwe niitikie. Sini chache mbele, kijana huyo huyo aniacha kwa talaka tatu, kwa mdomo, mbele ya wageni. Nilikuwa najifunza maneno hayo nyumbani, nyanya akasikia. Akaweka ungo chini, akaniambia ndoa haina mchezo. Ukiifanya mzaha imekuwa, na talaka ni vivyo hivyo. Tangu siku ile hanipi neno ila salamu. Mamangu yuwaniambia nichague, yeye au kamera. Nami nina mchumba, posa yao yaletwa baada ya Ramadhani. Yeye hasemi ndiyo wala la, na kunyamaza kwake kwanitisha zaidi.

Nilimwendea dairekta. Alicheka, akasema kama naogopa, Makupa ina wasichana wengi. Na huyo kijana naye ameanza kuniita "mke wangu" hata kwenye simu.

Kuna jingine nalionea haya. Siwezi kulia. Sini ya talaka yataka machozi, nami kila nikijaribu yanikauka. Wasema watanipaka dawa chini ya macho. Khalati, niache kazi hii?

Bi Harusi wa Uongo, Makupa

*

Mwanangu,

Usiache kazi. Na hiyo sini usiipige kama ilivyoandikwa. Mawili hayo yaweza kukaa pamoja, nami nitakueleza vipi.

Nianze na nyanya, maana yeye ndiye aliyesema jambo zito kuliko yote yaliyomo katika barua yako, nawe umelipita mbio. Alilolisema lina asili. Iko hadithi ya Mtume, swalla Llahu alayhi wasallam, iliyopokewa kwa Abu Huraira na kuandikwa na Abu Dawud na Tirmidhi, na maana yake ni kuwa mambo matatu hayana utani: ndoa, talaka, na kumrejea mke. Mwenye kuyafanya kwa dhati yamempata, na mwenye kuyafanya kwa mzaha yamempata. Huenda nyanya aliisikia darsani kabla mamako hajazaliwa, akaishi nayo. Mjukuu wake anasimama chumbani akijifunza maneno ya nikahi kwa sauti. Ulitaka afanye nini, apige vigelegele?

Je, hadithi hiyo inaingia katika uigizaji? Hapo wanazuoni hawana kauli moja. Wako waliosema inaingia, wakawakataza watu kabisa kutamka maneno hayo mbele ya kamera. Wako waliosema mwigizaji hafanyi utani wala hakusudii, anasimulia tu maneno ya mtu mwingine. Na vitabu vya fiqhi vimetaja tangu zamani kuwa mwalimu anayefundisha masuala ya talaka, hata akilirudia neno lile asubuhi nzima mbele ya wanafunzi, hajamwacha mkewe nyumbani. Tena katika madhehebu yetu ya Shafi ndoa haifungwi bila walii, na yule mzee anayeigiza babako si walii wako hata akivaa joho na kilemba. Mimi hoja hii ya pili naiona ina nguvu. Lakini mimi ni mtu wa nguo za waigizaji, si mufti, na kuona kwangu hakufungi wala hakufungui.

Kwa hiyo nendeni kwa sheikh mnayemwamini, wewe na nyanya pamoja, na skripti mkononi. Usiende kuuliza "je, kuigiza harusi ni haramu?" ukarudi na jibu la swali ambalo si lako. Msomee. Nani atatamka, atatamka nini, kwa jina lipi (lako au la yule unayemwigiza), walii ni nani, mashahidi ni nani. Atakalokujibu baada ya kusikia hayo yote, lifuate, na mjadala wa nyumbani utakuwa umekwisha, maana nyanya atakuwa amesikia kwa masikio yake.

Na mchukueni yule kijana pia, ikiwa ana mke kwao. Maneno ya talaka ni yeye atakayeyatamka, wewe huna wa kumwacha. Aliyepaswa kukosa usingizi ni yeye. Akishaelezwa hilo vizuri, nadhani zile "mke wangu" za kwenye simu zitapungua zenyewe.

Upande wa serikali hakuna fumbo. Sheria ya Ndoa ya 2014 yataka ndoa ya Kiislamu ifungishwe na kadhi, sheikh au imamu aliyepewa ruhusa hiyo, na isajiliwe. Kamera haina daftari.

Haya, sasa nije kwenye kazi yangu. Hata kama nyanya asingesema neno, mwanangu, hiyo sini ni mbovu. Niambie, ni lini pale Makupa uliona bi harusi amekaa ubavuni mwa bwana harusi mbele ya kadhi, anaulizwa naye anaitikia? Mwandishi wenu amechukua harusi ya kanisani akaivisha kanzu. Nimeziona sini za namna hii nyingi, na kila mara watazamaji wa Pwani huguna kwanza kabla hata maneno hayajaanza, kwa sababu mahali pa mtu pa kukaa panaongopa.

Kwetu nikahi ni shughuli ya wanaume, msikitini au barazani. Khutba inasomwa, mikono inashikwa, inatamkwa, dua inaombwa, halua na kahawa inapita. Bi harusi hayupo. Yuko kwao, chumbani, na somo yake, na nyumba imejaa wanawake hadi ukumbini. Yeye lake limekuja mapema, walii alipofika mlangoni na mashahidi wawili kumtaka idhini. Na hapo mlangoni ndipo sini yako ilipo.

Itazame. Chumba kidogo, dirisha limefungwa kwa sababu ya honi za matatu na malori yanayoteremkia Changamwe. Umekaa kitandani, miguu umeinyoosha kwa kuwa hina haijakauka, na mikono umeiinua, haigusi kitu. Nzi amekutua shavuni na huwezi kumfukuza. Somo yako anamfukuza kwa ncha ya leso. Mlango unabishwa. Wanawake wanajitanda. Walii hatumwoni, tunasikia sauti yake tu nyuma ya pazia: anamtaja kijana, anataja mahari, anauliza kama umeridhika. Kamera iko usoni mwako na haiondoki. Vitabu vinasema kunyamaza kwa mwanamwali ni idhini. Lakini huyu msichana unayemwigiza ananyamaza kwa kuridhika, au ananyamaza kwa kuwa mikono imefungwa na hina na chumba kimejaa shangazi zake? Huko nje mtu anakohoa, anangoja. Somo anakugusa kidogo kwa kiwiko. Unainamisha kichwa. "Amekubali!" anapaza sauti mmoja aliye mlangoni, na vigelegele vinakufunika.

Hapo hujatamka neno hata moja, na ni sini ya kumfanya mtu wa Mvita aache chai yake ipoe.

Kisha kamera iende kwa wanaume, na hapo isikae sana. Viatu vimepangana mlangoni. Sahani ya halua. Mzee anafuta jasho shingoni. Sauti ya msomaji inaanza khutba, sifa za Mwenyezi Mungu na swala ya Mtume, inafifia. Mikono miwili imeshikana, ya nani hatujui. Tunarudi kwako chumbani, hina inabanduliwa. Atakayetazama ataapa kuwa ameiona nikahi kuanzia mwanzo hadi mwisho, na hakuna aliyetamka kuozesha wala kukubali.

Usidhani huu ni ujanja wangu. Ndivyo filamu ilivyo tangu utoto wake. Zaidi ya miaka 100 iliyopita Mrusi mmoja, Lev Kuleshov, alichukua picha ya uso wa mwigizaji Ivan Mosjoukine, uso mmoja ule ule usio na dalili yoyote, akauunganisha na picha ya sahani ya mchuzi, kisha na ya jeneza, kisha na ya mwanamke. Watazamaji wakamsifu mwigizaji: tazama alivyo na njaa, tazama alivyofiwa, tazama anavyotamani. Yeye hakuwa amefanya lolote. Dairekta wako bila shaka amesoma hayo akiwa chuoni, na ukimkumbusha kwa heshima hatakuwa na pa kukimbilia.

Maana lazima umwendee tena, ila safari hii usiende na hofu. Ulipokwenda mara ya kwanza ulimpelekea tatizo, na mtu aliye mbioni kumaliza sini zake za siku huwa hana mahali pa kuliweka. Mpelekee sini badala ya sini. Na usimfuate siku ya kupiga, taa zimewashwa na watu wamesimama. Mtafute mwandishi wa skripti kwanza, au yule msaidizi wa dairekta anayepanga ratiba, siku mbili tatu kabla, mkiwa mmekaa. Anza na hesabu: sini ya mwandishi inataka kadhi, baba, mashahidi, wageni, jukwaa, mapambo, nguo za watu wote hao, na mahali pakubwa palipo kimya. Pakubwa palipo kimya, Makupa! Nawajua mafundi sauti. Kila lori likibadilisha gia kule kwenye mzunguko wanavua vile vipokea sauti vyao vya masikioni na kutazama mbingu, na sini inarudiwa upya. Sini yangu mimi inataka chumba, kitanda, pazia na wanawake sita, na honi zikisikika kwa mbali ndiyo uzuri wenyewe. Atakaposikia kuwa ni rahisi zaidi na ni ya kweli zaidi, mambo ya hadithi na nyanya huenda usiyafikie kabisa. Ila kama atauliza kwa nini hutaki ile ya kwanza, mwambie kweli yako bila kuipunguza. Kukuelewa ni juu yake.

Hilo la kuwa Makupa ina wasichana wengi lisikutoe jasho. Ni kweli ina wasichana wengi, na wengine wazuri kukupita. Lakini wewe ushapigwa sini, tena nyingi. Kukuondoa sasa ni kuzirudia zote na sura mpya, siku za kamera, chakula cha watu, nauli, nyumba za kukodi. Angekuambia hivyo siku ya majaribio ungekuwa na sababu ya kuogopa. Leo ni maneno ya mtu aliyechoka. Sikwambii umtishe kwa hilo, nakwambia ukae nalo moyoni unapozungumza naye, sauti yako itakuwa tofauti.

Baada ya nikahi kuna ile ya bwana harusi kuingia ndani na kukupa mkono, akuwekee kiganja kwenye paji la uso na kuomba dua. Nimeona barua yako haikuitaja, lakini ukishampa dairekta harusi ya Pwani ataitaka na hiyo, kwa sababu ni nzuri mno kwa kamera. Nawe yule kijana si maharimu wako. Sasa sikiliza. Kamera inapokaribia paji la uso haioni mtu, inaona mkono na ukingo wa kanzu. Mkono huo unaweza kuwa wa kakako. Mwite siku hiyo, avae kanzu ya bwana harusi, akuwekee kiganja na kukusomea dua ya kweli ikiwa anataka. Kijana apigwe peke yake, akinyoosha mkono kwenye hewa tupu. Nimeshona kanzu mbili za kitambaa kimoja kwa ajili ya mambo kama haya na hakuna mtazamaji aliyewahi kugundua. Huna kaka, ami yako anatosha, ila asiwe na mikono ya kizee, hapo watagundua.

Nimekaa sana kwenye harusi. Nipite haraka kwenye jambo ambalo hukuniuliza ila nimelinusa.

Kuna maongozi mazuri yanayomshtua mwigizaji, na kuna maongozi yanayomhadaa, na vijana wengi wanaoingia kazi hii hawajui kuyatenganisha. Unaikumbuka ile meli Maersk Alabama, iliyotekwa na maharamia Aprili 2009 ikiwa njiani kuja bandari yetu? Ikatengenezewa filamu, Captain Phillips, iliyotoka 2013. Kiongozi wa maharamia aliigizwa na Barkhad Abdi, kijana wa Kisomali mzaliwa wa Mogadishu aliyekuwa akiendesha gari la kukodiwa huko Minneapolis na hakuwahi kuigiza. Dairekta Paul Greengrass aliwaweka Wasomali mbali na Tom Hanks kwa makusudi. Mara ya kwanza kuonana ana kwa ana ilikuwa wanapovamia chumba cha usukani, kamera zinazunguka. Mshtuko ule ulikuwa wa kweli. Na lile neno la Abdi la kumwambia nahodha kuwa sasa nahodha ni yeye, alilitunga mwenyewe pale pale. Lakini angalia: kila mmoja alijua kitakachotendwa, nani atashikwa, wapi, kwa silaha gani ya kuigiza. Walichokosa ni kuzoeana tu.

Linganisha na yaliyomkuta Maria Schneider, mwigizaji wa Ufaransa, akiwa na miaka 19, mwaka 1972 katika filamu ya Last Tango in Paris. Lilifanywa juu ya mwili wake jambo ambalo dairekta na mwenziwe aliyeigiza naye walilipanga bila kumwambia, wakitaka aone aibu ya kweli na si ya kuigiza. Sini ilipatikana. Yeye alilalamika juu yake hadi mwisho wa maisha yake. Kwa hiyo ukiambiwa "tutakushtua kidogo," uliza: nitaguswa? Na nani? Wapi? Nitapigwa kofi, la kweli au la kamera? Ukijibiwa yote, kubali kushtuliwa katika yaliyobaki. Ukiambiwa utajua ukifika, usifike.

Sasa machozi yako.

Hiyo dawa ya chini ya macho ni aina ya mentholi, inawasha na kutoa maji. Haina dhambi, waigizaji wakubwa huitumia. Jaribishe kidogo siku moja kabla uone ngozi yako itasemaje, maana wengine huvimba kope na sini inayofuata wanaonekana wamepigana. Lakini mimi nakuomba usiifikirie sana. Nani alikwambia mwanamke aliyeachwa mbele ya wageni hulia? Wewe umekulia Makupa, katika nyumba zinazopakana ukuta kwa ukuta, na bila shaka umewahi kumwona aliyeachwa siku yenyewe. Alilia? Wengi hawalii siku hiyo. Wanauliza kama watoto wamekula. Wanaanua nguo. Kilio huja baada ya juma, kwa sababu ya chumvi kumwagika.

Basi msichana wako mpe kazi ya mikono. Nitakupa moja, nawe ukipata bora itupe hii. Baada ya kuachwa anapanga nguo zake kwenye begi. Anakunja leso. Leso, kama ujuavyo, hununuliwa mbili, sare, zenye jina moja. Anaikunja ya kwanza, anatafuta ya pili. Haipo. Anatazama kwenye kamba, chini ya mto, nyuma ya mlango. Mavyaake amesimama pale mlangoni anamtazama akitafuta, naye leso hiyo amejifunga mwenyewe kiunoni. Msichana anaiona. Hasemi. Anaiweka ile moja kwenye begi na kufunga zipu. Ukiweza kuifunga hiyo zipu polepole bila kuitazama, watakaolia ni wale wa nyumbani, na kulia ni kazi yao kuliko yako.

Siku ya kupiga usijilazimishe kumfikiria marehemu wako yeyote ili machozi yaje. Najua watakushauri hivyo. Sini hupigwa mara tano, sita, kwa mbali, kwa karibu, kwa upande wa mavyaa, na wafiwa wako si wa kufukuliwa mara sita kabla ya chakula cha mchana. Tafuta leso. Itafute kweli, kila teki.

Na hiyo talaka yenyewe isisikike. Mwambie mwandishi kuwa talaka ya kwetu mara nyingi haiji kwa kelele ukumbini. Huja kwa karatasi, na siku hizi kwa ujumbe wa simu, Mungu atuhifadhi. Mtoto wa jirani anakuja na bahasha, anaambiwa ampe bibi, anasimama pale akingoja shilingi kumi. Msichana anasoma. Mtoto bado amesimama. Tukiijua karatasi imeandikwa nini kwa kumtazama mtoto asiyejua, hatuhitaji mume kutamka chochote, na yule kijana atalala usingizi wake na mkewe, kama anaye.

Kuhusu mamako sina haja ya kusema mengi. Anachokiona yeye ni mwanawe anaingia kwenye nyumba za watu asizozijua na kutoka usiku. Siku moja ya mazoezi nenda naye, akae kwenye kiti cha plastiki na wengine, aone mlivyo watu thelathini mnaosubiri taa moja iwake. Ataona inavyochosha. Hakuna mama aliyewahi kuogopa jambo linalochosha kiasi kile.

Mchumba wako mwonyeshe kurasa. Zote, na zile za harusi na zile za kuachwa, kabla hajaziona kwenye runinga akiwa na rafiki zake. Akitaka kujua kama utakuwa yule msichana hata nje ya kamera, mtajie Mwanaasha Johari, ambaye nchi nzima ilimjua kwa kuigiza kipofu katika tamthilia ya Sultana ya runinga ya Citizen tangu 2022, na macho yake mazima. Kama baada ya kusoma bado ananyamaza, muulize wazi anataka nini baada ya ndoa: uendelee au uache? Swali hilo ni afadhali ulijue jibu lake kabla ya posa kuletwa. Na wewe pia ujiulize, usimwachie yeye tu.

Mkataba umeutia saini? Hukuutaja, na wanaoutaja kwa kawaida ndio walionao. Uombe nakala yako, ukae nayo wewe, na ndani yake iandikwe kuwa sini yoyote ya kuguswa, kupigwa au ya ibada utapewa kuisoma siku kadhaa kabla.

Limebaki moja, na hili lifanye kesho asubuhi kabla hujakwenda kwa sheikh wala kwa dairekta. Kaa na nyanya. Muulize siku yake mwenyewe walii alipokuja mlangoni ilikuwaje: nani alikuwa chumbani, walimvalisha nini, alijibu au alinyamaza, na nani alimgusa kwa kiwiko. Andika kila kitu. Niliyokuandikia mimi hapo juu ni ya kukisia, ni ya mtu wa nguo. Yake ndiyo ya kumpelekea mwandishi. Na mwandishi akiyachukua, mwambie msaidizi wa dairekta kuwa mshauri wa mila hulipwa kwa siku kama mtu mwingine yeyote wa seti, na kwamba nyanya hapandi bodaboda.